Chungwa, Safu ya Sita

Besançon, Jumanne ya Februari, theluji imegeuka matope kandokando ya njia.
Baba amevaa tai.
Kwa ajili ya filamu ya mwaka hamsini na saba,
katika sinema ya viti arobaini na hita iliyokufa tangu Krismasi,
baba yangu amevaa tai.

Bi Clotilde anachana tiketi kwa mkasi wa kushonea.
"Mzee Jeannerot! Umekuja, au umeletwa?"
"Nimekuja," anasema. "Huyu ndiye aliyeletwa."

Taa zinazimwa. Nyeusi na nyeupe.
Mvua ya Paris inapiga lami mpaka ing'ae kama kiatu cha arusi,
na mwanamume wa koti refu anawasha sigara
kana kwamba sigara ndiyo inayomvuta yeye.
Hasemi kitu. Katika filamu hizi
msemaji hafiki mwisho wa mkanda.

Sote tunajua atakamatwa. Siku za mwizi ni arobaini;
huyu amepewa dakika tisini na nne.
Na bado tunamwombea, sisi watu kumi na mmoja tusiovua makoti,
walipa kodi,
mwalimu mstaafu wa hesabu na mbwa wake chini ya kiti,
tunamwombea sefu imlegezee moyo.

Inafika ile sehemu. Muziki hakuna.
Anakaa sakafuni mbele ya chuma, anamenya chungwa,
analila kipande kwa kipande, bila haraka, mshenzi yule,
anajifuta kwa leso,
kisha anaweka sikio kama mkunga.

"Chungwa!" baba ananong'ona kwa hasira. "Na vidole vilevile!
Mafuta ya ganda hayatoki kwa leso."
Nabana kicheko. Miaka arobaini na miwili alikuwa fundi saa;
kwake dunia nzima ni vumbi linalonyemelea gurudumu.

Halafu nauona mkono wake.
Juu ya mahameli iliyochakaa, kidole gumba na cha shahada
vinazungusha kitu kisichokuwepo.
Kushoto, taratibu. Vinatulia.
Kulia, alama mbili. Vinatulia.
Natazama pazia.
Si baba anayemfuata mwizi.
Mwizi ndiye anayemfuata baba, nyuma yake kwa pumzi moja,
kama mwanagenzi.

Kimya kingi kina mshindo, na wangu ulikuwa huu:
mwaka ule tulipohama chumba cha juu ya bucha
tukaingia nyumba ya ghorofa, mtaa wenye miti,
mama alisema ni urithi, shangazi wa Pontarlier amefariki.
Nililia. Nilikuwa na miaka saba, nikamlilia shangazi
ambaye mpaka leo sijaona hata picha yake.

Sefu inafunguka. Mwalimu wa hesabu anashusha pumzi, mbwa anapiga chafya.
Baba anaurudisha mkono mfukoni
kama mtu anayerudisha kifaa mahali pake.

Mwisho, bila shaka, inspekta anaokota ganda.
Dogo tu, limejikunja chini ya meza.
"Nilisema," baba anasema, kwa sauti, na safu ya mbele inageuka.

Darajani mto Doubs unapita mweusi, umeshiba.
"Uliwahi kuiona hii, Baba?"
"Leo ndiyo mara ya kwanza."
Hatua kumi. Kumi na tano.
"Ila sefu zile," anasema, "zilitengenezwa na watu waliojiheshimu."
Na hapo anaanza kulalamika juu ya bei ya mkate.

Nyumbani ananawa mikono.
Ananawa kwa sabuni, mpaka viwikoni, kama siku zote,
kama nilivyodhani mafundi saa wote hunawa.
Maji yanatiririka. Mimi niko ukumbini, koti bado mwilini,
nahesabu vyumba.
Vinne.
Na bustani ya mama.