Arobaini

Daftari bado ninalo, jalada limeliwa na mende,
na ukurasa wa kumi na saba, kwa wino wa bluu uliofifia:
Mlowe W., jezi namba nne, pointi arobaini.
Njombe wanaijua namba hiyo kama tarehe ya kuzaliwa.
Kinyozi wa Mji Mwema huitaja huku wembe uko shingoni mwako,
nawe huthubutu kubisha.

Alikuja kidato cha kwanza kutoka Lupembe,
na sanduku la bati, na miguu isiyoenea blanketi.
Patroni alimpenda kwa jambo moja:
alibadili globu ya bweni bila kupanda kiti.
Ile ringi ya nondo uwanjani
alidhani ni kitu walichosahau mafundi.

Mwalimu Kilasi akamwambia, "Rusha."
Akarusha. Mpira ukapita juu ya ubao, juu ya jiko,
ukatua kwenye kabichi za mke wa mkuu wa shule.
Tulicheka mpaka kengele ya chakula.

Lakini alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala uwanjani,
tulisikia: du. Du. Du.
Mtu hatumwoni. Mpira unadunda ndani ya weupe,
kisha kimya kidogo,
kisha nondo inalia.
Mwezi wa sita, baridi ikipasua midomo,
nondo iliacha kulia.

Makambako tukawafunga. Mafinga tukawafunga.
Iringa walikuja na raba mpya, tukawafunga na raba zao.
Redio ya mjini ikamtangaza, ikamwita Mrowe,
na mama yake, kule Lupembe, akaizima:
"Huyo wa watu, si wangu."

Fainali ilikuwa Mbeya, mvua ya rasharasha.
Mimi kwenye stuli, koti la mwalimu mabegani,
vidole vimekufa ganzi, kalamu inagoma.
Robo ya nne, chini ya ringi, msitu wa mikono,
na mkono mmoja ukautia mpira ndani.
Uwanja mzima: "Mlowe!"
Nikaandika Mlowe.

Ulikuwa mkono wa Kastori Mgaya,
mfupi kuliko wote, aliyeingia dakika ileile
kwa kuwa mwenzake ameteguka kifundo.
Niliona. Leo nasema: niliona.
Ila kelele nazo zina mwandiko wao.

Usiku, kwenye lori la shule, Wilibrodi alinisogelea.
"Nimefunga thelathini na nane. Huwa nahesabu."
Nikamjibu daftari limeshakwenda kwa mwalimu.
Lilikuwa ndani ya begi, chini ya miguu yangu.

Siku za mwizi, wanasema, ni arobaini.
Za mwandishi hawajasema.

Bwana mmoja alitoka Dar es Salaam na futi ya fundi cherehani,
akampima kimo, akampima viganja,
akaondoka na karatasi yake.
Tukaisubiri simu ya ofisi ya mkuu
mpaka likizo, mpaka mtihani, mpaka matokeo
ambayo sitayataja hapa.
Goti lilifika kabla ya simu.

Sasa yuko Uwemba, kwenye shamba la watu,
anachuma maparachichi bila ngazi.
Kiganja bado kinakunjika vilevile mwishoni,
tunda likishamtoka.
Vijana wa bodaboda hupita wakimwita, "Arobaini!"
Jina la Wilibrodi limebaki kanisani.
Naye hunyanyua mkono, nusu tu,
kama mtu anayesalimiwa kwa koti la kuazima.

Kastori anauza misumari Makambako.
Juzi nilinunua nusu kilo ya inchi tatu.
Akapima, mzani ukatulia,
akachukua misumari miwili,
akaiweka juu, polepole, mmoja, halafu wa pili.
"Hii," akasema, akifunga gazeti,
"usiiandike."