Daftari la Agosti

Baada ya isha, vikombe vikishaoshwa,
nililifungua daftari la hesabu la Thuraya
ukurasa wa nyuma kabisa, asipofika mwalimu,
nikaandika: KAKAMEGA. Nikapiga mstari chini.

Mistari miwili.

Sebit alisema nauli ya watu watano ataipata,
akasema kama asemavyo siku zote, akitazama dari.
Nauli nikaiandika kwa penseli.

Kisha nikampigia Bwana Shikanga wa Shinyalu,
mwenye vijumba vinne vya wageni ukingoni mwa msitu.
"Kuku wenu huchinjwa na nani?"
"Mama, kuku wetu ni wa kienyeji."
"Nimesikia. Anachinjwa na nani?"
"Ni mtamu, mama. Tunamchemsha polepole."
Tukazunguka hivyo mpaka salio likaanza kukohoa.
Mwishowe akanyamaza, akaelewa, sauti ikashuka:
"Basi njooni na kisu chenu.
Kuku mtamkuta anatembea."

Nikaandika: kisu. Nikaandika: sufuria yetu,
maana ya kwao sijui jana ilipika nini,
na kumuuliza mtu sufuria yake imepika nini
ni kumvua nguo mbele ya jirani.

Faraj anataka nyoka. Si picha. Nyoka.
Sebit akasema safarini sala hupunguzwa,
Jamaldin akafurahi haraka mno, kisha akaingia wasiwasi:
msituni jua halionekani, adhuhuri tutaijuaje?
Kwa saa, nikamwambia.
Na saa ikilowa?
Thuraya, aliyeanza mwaka huu kujifunga mtandio bila kuambiwa,
anataka kujua kama ile kamba ya kuvukia mto, juu kwa juu,
inapandwa na sketi.
Hapo kalamu niliiweka chini.
Mimi umri wake nilikuwa juu ya mapaa ya Makina
nikifuata kishada kilichokwama,
na mabati yalikuwa ya moto, na sikumbuki nilivaa nini.
Nikaandika: suruali pana, mbili.
Moja yake.

Haboba alikuwa kimya, rimoti mapajani,
tukidhani amelala pamoja na taarifa ya habari.
"Mnakwenda wapi?"
Msituni, Haboba.
"Kwa pesa?"
Kwa pesa.
Akacheka mpaka meno ya bandia yakachungulia nje.
"Kibra ni nini kwa Kinubi? Hamkufundishwa?
Msitu! Hapa! Chini ya hiki kiti!
Mama yangu alifukuza nguruwe mwitu
pale penye choo cha akina Rehan.
Paa alikuwa akilala lilipo duka la simu.
Leo mnakesha ndani ya basi kwenda kununua
kitu tulichokikata wenyewe, kwa panga, bure."

Hakuna aliyemjibu. Nje jenereta la kinyozi lilinguruma,
maji ya mtaro yakapita na safari yake,
nami kwa mara ya kwanza nikajaribu kusikia,
chini ya saruji, chini ya miaka,
mti wowote.
Sikusikia.

Nilidhani ndiyo basi. Daftari nilikuwa nimeshalifunga nusu.
Akanyoosha mguu mbovu, akalikanda goti.
"Hao watu watano. Mimi ni wa ngapi?"

Nikatafuta kifutio.

"Na andika kisu changu," akasema, "si cha Sebit.
Cha Sebit hakikati hata nyanya.
Kibla huko kiko wapi?"
Jamaldin akaitazama simu ya baba yake, akaigeuza, akaigeuza tena:
kaskazini, kulia kidogo. Karibu sawa na hapa.
"Basi si mbali," akasema Haboba,
akaongeza sauti ya televisheni.

Faraj ameshalala. Amelala na gambuti miguuni.
Leo ni Jumanne ya pili ya mwezi wa Machi.