Niulize, Mama

Saa mbili usiku, umeme umekatika Arua,
mimi na sigiri yangu kando ya barabara ya Ediofe,
trei la mayai, unga uliokandwa, kabichi iliyokatwa nyembamba.
Ayiko ananikabidhi daftari. "Niulize, Mama.
Mtihani ni Jumatatu, na Mwalimu Anguzu hana mchezo."

Nalishika jinsi padri anavyoshika kitabu,
mikono miwili, macho chini.
Ndani ni siafu wamejipanga, wana haraka zao;
simjui hata mmoja kwa jina.
Lakini mwanangu namjua. Akijua jambo, sauti inatembea;
asipojua, inakwaruza kisigino.
Nikisikia kisigino nasema, "Rudia hapo."

"Simili," anaanza.
Mimi nasikia simile! Nageuka nione
nani kabeba gunia la muhogo nyuma yangu.
Anacheka hadi tochi ya simu inatikisika.
"Siyo hiyo, Mama. Ni kufananisha. Lazima kuwe na kama."
Basi nampa: unga wa leo mgumu kama moyo wa mkopeshaji.
Anaandika. Anaandika kweli!

"Metafa. Hapo unaiondoa kama."
Mkopeshaji ni kupe.
"Ndiyo hiyo hiyo."
Kumbe rahisi: ukishachoka kulinganisha,
unashtaki moja kwa moja.

"Ayironi." Nadhani ni pasi ya makaa.
Asema ni kutamka hili, maana ikalala upande wa pili.
Nageuza chapati, nakunja mayai ndani.
Hii wanaiita rolex, mwanangu,
na hapa foleni nzima
hakuna anayejua ni saa ngapi.

Tunaendelea. Nomino. Kitenzi.
Kisha kile kinachosimama badala ya jina;
Kiingereza chake kimenipita kama pikipiki isiyo na taa.
"Kwa mfano yeye," anasema.
"Yeye yuko Juba."
Kisigino kimekwaruza.
Sisemi rudia.

Mwaka wa sita huu nawaambia watu baba yake yuko Juba,
anatafuta.
Lipo neno la jambo hilo, ananieleza taratibu,
anaangalia makaa, haniangalii mimi:
unachukua neno laini, unafunika lile gumu,
kama jani la mgomba juu ya sufuria.
Kwa Kiswahili, tafsida.
La Kiingereza ni refu, linaanza na "yu".
"Umewahi kulisikia, Mama?"
Kulisikia, hapana.
Nimelipika miaka sita.

Anasimama kijana wa boda, anataka mayai mawili, nyanya, pilipili usiweke.
Mafuta yanapokea yai: chwaaa!
"Tanakali," asema Ayiko, bila kuulizwa,
na kijana wa boda anamtazama kana kwamba ametukanwa.

Napangusa mikono kwenye kanga, nachukua tena daftari.
Ayiko ananyoosha mkono,
analigeuza, chini juu, juu chini, bila neno,
kama mtu anayemrekebishia mwenzake kola kanisani.
Sigiri inalia peke yake.

"Tangu lini?"
"Tangu darasa la tatu."
Darasa la tatu! Miaka yote hiyo
ananiletea kitabu, ananiambia niulize,
na mimi nakunja uso kwa ukali wa hakimu.
Sijui hilo nalo lina istilahi gani.
Sikuuliza.
"Endelea," nikasema. "Mstari wa saba."
Akaendelea kutoka mstari wa saba.

Daftari limerudi wiki iliyofuata.
Kurasa zote zina mkwaju mwekundu wa Mwalimu Anguzu,
na chini kabisa, pale panapotakiwa mzazi,
dole gumba langu, la mafuta, limeloa hadi ukurasa wa pili.
Nikamwonyesha Ayiko ile alama nyekundu. Hii inaitwaje?
"Sahihi."
Na hii yangu?
Hakufikiri. Sauti ilitembea.
"Sahihi."