Kichwa Kisikutane na Mkia

Nilidhani ni masanduku.
Juma zima nilikuwa nikipakua misumari
dukani kwa Bwana Etcheverry,
nikajiambia: ubavu umeteguka, utapoa.
Siku ya tatu vikachomoza,
kishada chini ya ziwa la kushoto,
kishada ubavuni,
kishada kando ya uti wa mgongo.
Kulia, hata kimoja.

Zahanati ya Bahía Blanca
nilikaa benchini katikati ya mikongojo miwili.
Ajuza mmoja aliuliza nimemleta nani.
Nimejileta, nikasema.
Miaka ishirini na tisa.
Mkanda wa jeshi.

Daktari hakushangaa.
Akaandika vidonge, mara tano kwa siku, siku saba,
akauliza kama napata usingizi.
Nikacheka. Kucheka nako kukauma.

Tetekuwanga, alisema, haikuondoka.
Ilijikunja kwenye shina la neva, ikalala
tangu nilipokuwa na miaka sita.
Miaka sita! Naikumbuka:
mimi na Ailén ndani ya beseni moja,
mama na pamba na ile dawa ya waridi,
anatuhesabu vipele kama anayehesabu chenji.
Ailén ndiye aliyeileta kutoka chekechea.
Dada yangu hakuwa mchoyo,
alinigawia kila kitu.

Sasa Ailén ana mtoto wa siku kumi na mbili
nami nimekatazwa kumpakata.
Alimleta hadi kwenye njia ya miguu, chini ya dirisha langu,
upepo wa Agosti ukimng'ang'ania blanketi,
akamwinua juu kidogo nimwone,
kama mtu anayeuza tikiti.
Nikapunga mkono wa kulia.
Wa kushoto haukutaka.

Usiku, shuka ni msasa.
Na msasa naujua, nauuza:
namba mia mbili hulainisha meza,
namba themanini hung'oa rangi ya zamani.
Shuka langu ni namba arobaini.
Nimejifunza kulala nimeketi,
kula nimesimama,
kuvaa fulana ya marehemu baba, iliyopwaya hadi magotini,
kulowesha kitambaa, kukikamua,
kukiweka, kukitoa,
kukiweka.

Bwana Etcheverry alipiga simu.
Kijana kama wewe, alisema.
Akasema tena, polepole, labda sikusikia:
kijana kama wewe.
Usoni sina hata doa. Hiyo ndiyo taabu.
Ningevunjika mguu wangenisainia plasta.

Jirani Zulema alibisha hodi na kichupa cha wino mweusi.
Mtaani hapa ugonjwa huu wanauita kijoka:
hutambaa, hukuzunguka kiuno,
na kichwa kikikutana na mkia, buriani.
Nikamweleza aliyosema daktari,
kwamba neva ni ya upande mmoja,
haivuki mpaka.
Vizuri, akasema, basi tuuchore huo mpaka.
Inua fulana.

Sikuamini. Sikumzuia pia.
Aliyagusa maeneo mazima tu, pembeni pembeni,
ananong'ona maneno ambayo hakutaka niyasikie,
na wino ulikuwa baridi.
Kwa siku tisa kila kilichonigusa kiliniuma.
Huu haukuuma.
Nililia hapo, mbele ya mke wa fundi bomba,
yeye akaendelea kuchora.

Vidonge viliisha. Magamba yakaanguka, moja moja,
mengine nikayakuta kitandani kama makombo ya mkate.
Wino ulikaa zaidi ya vyote.
Bado kuna radi ubavuni,
inapiga bila wingu, nikiwa kwenye foleni ya benki,
nikiwa napiga mswaki,
na daktari amesema huenda ikakaa,
huenda isikae.

Jana Ailén aliniwekea mwanawe mapajani.
Upande wa kulia, nikamwambia, wa kulia.
Ana mikunjo shingoni na harufu ya maziwa yaliyoganda.
Alijinyoosha, akapiga teke
kushoto, palepale.

Nikashika pumzi.
Sikumrudisha.