Paa la Kipeuo

Kutaisi, Februari. Jiko la katikati ya darasa
lilikula kuni nyingi, likatema joto kiduchu.
Mwalimu Nateli aliandika na glavu zilizokatwa vidole.
Miaka thelathini na minane ya chaki,
na sasa mkono wa kulia ulikuwa na mambo yake.

"Msiniangalie mimi," alisema. "Mwangalieni x.
Namba iacheni ivae ipendavyo:
nusu, hasi saba, pai, hata kipeuo cha mbili.
Namba haina kesi hapa.
Mwenye kesi ni x.
Asijifiche chini ya mstari wa sehemu
kama mdaiwa uvunguni mwa kitanda.
Asipande begani mwa mbili akajiita kipeo.
Na kipeo chake yeye kiwe namba nzima,
sifuri, moja, mbili, pandeni hadi mchoke,
ila si robo, wala si hasi.
Na jumla yenyewe iwe na mwisho."

"Na tano peke yake?" Zurabi, kutoka dirishani.
"Polinomia. x yumo, kipeo chake sifuri.
Kimya chake kisikudanganye."

Kisha akaandika ya mwisho:
kipeuo cha mbili, mara x kwa kipeo cha tatu,
kujumlisha x, kutoa tisa.
Mkono ukatetemeka.
Mstari wa juu wa kipeuo, uliotakiwa kuishia kwenye mbili,
ukateleza, ukasogea, ukatua baada ya x.

"Pikria?"
"Siyo."
"Tazama tena."
"Nimetazama. Paa limemfunika x.
Kipeo chake sasa ni moja na nusu."

Mimi nilikuwa nimeshainua kidole kusema ndiyo,
maana kitabu kilikuwa wazi magotini mwangu,
ukurasa wa majibu.
Nikakishusha polepole, kama najikuna sikio.

Mwalimu alirudi nyuma hadi jikoni,
akausoma ubao kama barua ya mtu asiyemjua.
Ukuni ukapasuka. Hakuna aliyecheka.
Akachukua sponji, akafuta upana wa vidole viwili.
x akabaki nje, peupe, kwenye baridi.

"Sasa?"
"Sasa ndiyo."

Akautia mkono ule mfukoni, ukaendelea kutetemeka humo,
tukiuona kupitia kitambaa.
Kwa ule wa kushoto akampa Pikria chaki.
"Kuanzia kesho," akasema,
"vipeuo utavichora wewe."