Somo wa Mti

Bibi alikuwa na miaka ishirini Loukou alipomchonga.
Hakumwita akae mbele yake.
Alimtazama siku tatu kwa mbali, akitwanga viazi vikuu,
kisha akaingia msituni na tezo.

Paji pana: huyu anafikiri kabla ya kunena.
Macho nusu yamefumbwa: ana haya, ana heshima.
Chale kando ya sikio: huyu ana kwao.
Nywele misuko mitatu. Ule wa katikati ulipinda siku ile;
Loukou hakuunyoosha.

Kinyago hulala ndani ya kitambaa, chumbani kwa mjomba Assoumou.
Hakitazamwi ovyo.
Ngoma ikilia hutoka cha mwisho,
vya pembe vikishapita, nyati na kondoo,
watoto wakishachoka kukimbia.
Assoumou, ndani yake, humwita bibi, "Ndoma!"
yaani somo, yaani pacha wangu,
na bibi hujibu kwa miguu.

Mwaka huu mchwa wamekula kidevu.
Bibi akakipapasa, kisha akapapasa chake,
akacheka kwa ufizi mtupu:
"Afadhali. Nilishaanza kumwonea wivu."

Lakini goti likamkatalia.
Akanisukuma mgongoni, mimi niliyepewa jina lake:
"Nenda, Amoin. Anakuita wewe."

Nikaingia uwanjani na viatu vyangu vya Bouaké,
hatua hata moja siijui.
Uso wa mti ukanisubiri, macho chini,
kama mwenyeji asiyetaka
kumwaibisha mgeni.