Volti Tisa Nukta Nane

Julai, Sakina, saa kumi na moja alfajiri.
Baridi ya Meru imeshuka mpaka kwenye kokoto,
na nje, narudia, nje
kuna baridi kuliko ndani ya friji.

Ni friji la nyumbani, si la safarini.
Nililinunua kwa familia iliyokuwa ikihama Njiro;
mlangoni bado kuna mistari ya kalamu
mtoto alipopimwa urefu:
Machi. Agosti. Machi tena.
Nikalifunga kwa mikanda ndani ya tela langu la jikoni,
nikalipa betri mbili na inveta,
nikaliambia: kuanzia leo, msafiri.

Kesho wageni sita, Tarangire, siku nne.
Kilo kumi na nane za nyama. Maziwa. Jibini.
Na insulini ya mama mmoja aliyeniandikia mara tatu
kuuliza kama nina uhakika na friji.
Mara tatu nikajibu: nina uhakika.

Fundi wa kwanza alisema gesi.
Alisema gesi kama mganga anavyosema jirani.
Akajaza, akachukua elfu sitini, likagandisha siku mbili,
siku mbili hizo likiwa limechomekwa ukutani kwangu.
Hilo sikuliwaza.

Wa pili, Kaanaeli, aliweka kiganja juu ya kompresa,
akafumba macho.
"Imekufa, mzee. Nunua nyingine."
Nilipoigusa nami nikajiuliza:
maiti gani ina joto namna hii?

Wa tatu alikuja na pikipiki kutoka Unga Limited,
Ndeshi, binti wa Kaaya, bisibisi sikioni kama kalamu.
Hakufungua friji. Alifungua daftari.
"Linazima lini?"
Usiku.
"Likiwa wapi? Limechomekwa kwenye nini?
Kabla halijazima, linasema nini?"
Linasema tik, nikamjibu,
kisha inveta inalia kama mtoto aliyenyimwa,
kisha kimya.
Aliandika tik. Akaipigia mstari.

Akalichomeka kwenye umeme wa nyumba: likavuma.
Akalirudisha kwenye betri: tik, kilio, kimya.
"Basi si friji," akasema,
na mimi, Mungu anisamehe, niliona aibu
kana kwamba kasema: si mtoto, ni mzazi.

Akatoa mita. Betri ikiwa imetulia,
kumi na mbili nukta sita.
"Sasa ngoja iombe."
Kompresa ikaomba. Namba ikaporomoka,
kumi na moja, kumi,
tisa nukta nane,
tik.
"Ikishatembea haili sana. Kuanza ndiko kunakokula.
Inataka kumeza mara moja, na wewe
unainywesha kwa mrija wa soda."

Akanionyesha waya: mwembamba, wa taa,
mita nne kutoka betri mpaka inveta,
nilioufunga mwenyewe mwaka jana kwa ubahili wangu mwenyewe,
na pale kwenye nati, chini ya gundi nyeusi,
kutu ya kijani, laini kama ukungu wa mkate.
Nilikuwa nimelipa watu wawili
wanitafutie kosa mahali nisipokuwepo.

Waya mnene kama kidole, mita moja tu.
Msasa. Grisi. Spana namba kumi na tatu.
Saa tano na robo friji likaomba, likapewa.
Namba ilishuka mpaka kumi na moja nukta tisa, ikasimama
kama mtu aliyeshikwa mkono akivuka Themi.
Elfu thelathini na tano, pamoja na waya.
Chai alikataa; bucha moja Ngarenaro ilikuwa inavuja damu.

Usiku huu nalala ndani ya tela
kati ya gunia la viazi na mtungi wa gesi.
Kipimajoto kimo kwenye glasi ya maji, rafu ya kati.
Saa sita: nne. Saa nane: tano, nikaketi.
Saa nane na nusu: nne.
Nikamwandikia yule mama: nina uhakika.
Nikafuta.
Nikaandika: lilikuwa bovu, kosa langu, limetengenezwa,
na nitabeba boksi la barafu pia.

Bado hajajibu.
Tik. Navuta pumzi. Linavuma.
Tochi yangu iko mlangoni, kwenye mstari wa juu:
Machi tena.